Mbuzi wa Mdoe Bado Yuko Mtoni

Manundu, Korogwe
Jumanne jioni

Dada yangu Yuditha,

Shikamoo dada. Barua hii uisome umekaa, usiisome huku umesimama na ungo mkononi kama ninavyokujua, maana ina maneno mengi na mengine yatakufanya uache kupepeta. Goti lako linaendeleaje? Shemeji yuko salama? Na wale majogoo wako unaowakatalia watu kuwachinja hata Krismasi, bado wanatamba uani? Mimi huku nakula nashiba, usingizi siku hizi unakuja wenyewe, na kile kifua kilichokuwa kinanibana tangu masika kimelegea. Nimeanza na hilo makusudi, kwa sababu najua ndilo unaloliogopa.

Nimeona niandike kuliko kupiga. Kwenye simu wewe unaongea kama mtu anayefukuza ndege shambani, nami naishia kuitikia ndiyo dada, ndiyo dada, halafu nikishakata ndipo majibu yangu yanafika. Ijumaa uliniambia kwamba Chausiku, yule muuza machungwa wa Segera, amekuletea habari zangu. Kwamba kila Jumapili nyumba yangu inajaa vijana, tunarusha dadu mezani, na mimi nimekalia kiti cha marehemu mwanangu nikitoa sauti zisizo zangu. Kwamba alinisikia kwa masikio yake nikisema mimi ni mamba. Ukasema mwisho wa mwezi unakuja na shemeji na gari, mfunge nyumba, mnichukue nikaishi kwenu Mazingara, kwa kuwa uchungu umenipanda kichwani. Nikasema ndiyo dada. Sasa nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaongea na mwenye gari.

Chausiku hakusema uongo. Siku ile kweli nilikuwa mamba. Alipopiga hodi nilijisahau nikamkaribisha kwa sauti ile ile ya mamba, naye akaacha kikapu mlangoni akaondoka mbio. Mwambie machungwa yalikuwa matamu na kikapu chake nimemwekea. Lakini haikuwa kamari, na kichwa changu kizima. Ni ule mchezo wa mwanangu Godi. Wewe ulikuwa ukiusikia tu juu juu kila ukija, ukauita upuuzi wa vijana wasio na jembe, kwa hiyo acha nikueleze vizuri.

Godi alipokuwa chuoni Tanga, mwenzake wa chumba alikuwa na kitabu cha mchezo wa kizungu alichokitoa mtandaoni. Mchezo wenyewe hauna ubao wala mshindi. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anajitungia mtu wake, jina, kabila, tabia na kile anachokiogopa. Mmoja wao ndiye msimulizi. Yeye anawaambia wamefika wapi na mbele yao kuna nini, wao wanasema wanafanya nini, na jambo likiwa la mashaka dadu ndizo zinazoamua. Basi. Safari inaendelea Jumapili hadi Jumapili, kama hadithi za bibi yetu kule kambini kwa wakata mkonge, ila wasikilizaji ndio wamo ndani yake.

Alipouleta hapa nyumbani haukushika. Kile kitabu kilijaa ngome na theluji. Kijana mmoja aitwaye Zaidi, anayeziba tairi karibu na stendi, aliuliza kama theluji ni ile inayoganda kwenye friji la soda. Alipoambiwa ndiyo akasema yeye hawezi kukiogopa kitu kinachopoza soda. Wakacheka mpaka wakashindwa kuendelea. Godi hakukasirika. Alikuja jikoni, akakaa kwenye kile kigoda kilichopasuka, akawa akichovya kidole kwenye nazi yangu, kisha akasema, mama, nitatunga nchi yetu.

Akaitunga, dada. Akaiita Mkongeni. Ramani yake aliichora nyuma ya kalenda ya zamani, na bado iko ukutani. Huko Mkongeni, mkonge ulichoka kukatwa, ukang'oa mizizi yake ukaanza kutembea. Kuna treni ya shamba iliyopoteza reli zake, inazurura porini ikiwatafuta wakataji waliokufa zamani ili iwapeleke kazini. Na mvua imefungwa ndani ya kibuyu, huko juu kwenye milima ya Handeni, na mzee aliyeificha amesahau alikoiweka. Safari ya vijana ilikuwa kwenda kukitafuta kibuyu hicho. Ukiitazama ile ramani utacheka, maana utaona Sindeni imehamishwa ng'ambo ya mto, na Mazingara ameiandika kuwa ni kijiji cha watu wakali wenye majogoo wakubwa.

Kanuni nazo alizitunga upya, na nyingi alizitungia jikoni kwangu. Aliniuliza mtu akila nini anaweza kutembea kutwa. Nikamwambia ugali wa mhogo na mlenda utamfikisha jioni, wali utamfikisha adhuhuri, maandazi hayamvushi kona ya soko. Ikawa kanuni, neno kwa neno. Kanuni nyingine ilikuwa ya salamu. Ukiingia kijiji cha watu hujasalimia, hupewi njia, hata uwe na upanga mrefu namna gani. Zaidi alimpoteza punda wake mzima kwa kumpita bibi mmoja kisimani bila shikamoo, na kwa wiki nyingi Angel alikuwa akimwuliza mbele ya wateja wake punda hajambo.

Angel ni yule binti anayesuka nywele jirani na Zaidi. Wa mwisho ni Mdoe, yule Mzigua wa Sindeni mwenye duka la fotokopi, aliyesoma na Godi tangu darasa la kwanza. Humo mchezoni Mdoe alikuwa mchuuzi mwenye mguu mbovu, na mali yake yote ilikuwa mbuzi mmoja aliyemwita Meneja, kwa sababu hakuwa akifanya kazi yoyote na bado alitaka kutangulia mbele. Huyo mbuzi amesababisha vicheko vingi ndani ya nyumba hii, dada. Nilikuwa nikichambua mchele huku nikijificha uso nisionekane nacheka.

Kanuni aliyoipenda Godi kuliko zote ilikuwa ya utani. Hii waliitunga yeye na Mdoe pamoja, Mnyamwezi na Mzigua, wakiwa wanakumbushana mambo ya misibani. Mtu wako akianguka kwenye safari, akawa amekufa, mtani wake ana ruhusa ya kumdhihaki palepale. Akiwachekesha wote waliopo mezani, msimulizi naye akiwamo, aliyeanguka anainuka. Akibaki hata mmoja ambaye hajacheka, basi amekwenda. Nilimwuliza Godi kwa nini lazima wote. Akasema kwa sababu hata msibani, mama, mfiwa asipocheka kidogo watu hawajui kama wanaweza kuondoka.

Maneno hayo aliyasema amesimama mlangoni na kopo la hiliki mkononi. Ndilo alilokuwa akitikisia dadu. Hiliki ilikwisha akalichukua bila kuniuliza, na mpaka leo dadu zile zinanukia chai.

Yaliyofuata unayajua. Mvua za masika, ile pikipiki aliyopanda kutokea Segera, na utelezi. Sitayarudia. Ila nataka nikukumbushe siku ya mazishi, kwa sababu ndipo mambo ya barua hii yalipoanzia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimsubiri Mdoe. Sisi na Wazigua ni watani tangu babu zetu walipopita nchi hii na mizigo vichwani, na hakuna mtu wetu aliyewahi kuzikwa kambini bila Mzigua kuingia kaburini akalala humo, au kuficha jembe mpaka akombolewe. Alipozikwa baba, yule mtani mzee Mhina alivaa koti la marehemu akapita akisalimia watu kwa sauti yake, na mama, ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni, akacheka, akaomba uji. Mdoe alikuwa amewaambia wachimba kaburi kwamba hii ni zamu yake. Akalichukua jembe, akasimama ukingoni, watu wakaanza kutabasamu wakingojea. Hakutoka na neno. Alisimama pale mdomo wazi, kisha akawarudishia jembe lao, akaenda kujiegemeza kwenye ua wa mkonge akiwa ametupa mgongo. Tukamzika Godi kimya.

Baada ya matanga ninyi mkarudi makwenu, na mimi nikabaki na Jumapili. Siku nyingine zina kazi, Jumapili haina. Nikitoka kanisani nilikuwa nikipika mchele wa watu wengi kwa mazoea, kisha naugawa kwa majirani. Mara moja nililitikisa lile kopo nikiwa peke yangu, nisikie tu. Sikulitikisa tena.

Kiangazi kilipoanza, Angel na Zaidi walikuja kunijulia hali, wameleta sukari. Hawakukaa kwenye makochi. Walikwenda moja kwa moja mezani, kila mtu mahali pake pa siku zote, wakastuka wenyewe, wakataka kuhama. Nikawaambia wakae. Chai ikanyweka. Ndipo nikawauliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu masika. Niliwauliza, wale watu mliowaacha mtoni, walivuka?

Maana Jumapili ya mwisho Godi aliwafikisha kwenye mto mkubwa, anauita Luvu kama wazee wa Kizigua wanavyouita huu wetu. Wakaingia kwenye mtumbwi wa mvushaji, Mzee Kasanda. Huyo Kasanda hakuwa mtu wa yeyote kati yao, alikuwa wa msimulizi. Godi alikuwa akimsemea kwa sauti ya kukoroma na kikohozi, sauti ya babu yetu kabisa, dada, ungeisikia ungegeuka kumtafuta. Mtumbwi ulipofika katikati giza likaingia, Godi akafunika kopo akasema tutaendelea wiki ijayo. Kwa hiyo miezi yote ile, nikiwa nafua au nasonga ugali, nilikuwa nawaona wale watu wamekaa katikati ya maji na mbuzi wao, hakuna wa kuwaambia neno.

Angel akasema hajui, mama, ng'ambo kuna nini alikuwa anajua Godi peke yake. Nikasema mimi najua, aliniambia.

Hakuniambia kitu. Nilitaka tu watoke majini.

Basi ndivyo nilivyokikalia kile kiti. Mwanzo nilikuwa msimulizi wa ovyo. Nilisahau zamu za watu. Nilileta zimwi la mkonge halafu nikalionea huruma, nikasema lina maumivu ya goti kama lako, na Angel akaliuliza limetumia dawa gani, ikawa mchana mzima ni habari za goti na mafuta ya kuchua. Nikaongeza kanuni zangu. Anayefika kijijini wakati chungu kiko motoni atakula, lakini kuni zinazofuata ni zake. Na mtu akifika salama, lazima aseme ametuma habari kwa nani. Zaidi alilalamika kwamba mchezo umekuwa kama kuishi na mama. Lakini Jumapili iliyofuata alikuwa mlangoni kabla hata misa haijaisha.

Wiki chache baadaye Angel alinishika mkono nikiwa namsindikiza. Akasema, mama, kwenye nchi ya Godi hakuna kitu kilichowahi kunuka, nchi yako yote inanuka vitunguu. Akacheka. Nikajua kwamba wanajua Godi hakuniambia kitu.

Ila kulikuwa na kikwazo. Mdoe hakuja. Na mtu wa Mdoe alikuwa mle mtumbwini pamoja na mbuzi, na kanuni inasema hakuna wa kumsemea mtu wa mwenzake. Hatukuweza kumwacha wala kumvusha. Kwa hiyo nikaurudisha mtumbwi nyuma hadi kwenye kisiwa kidogo cha mchanga, nikaanza kuwatafutia shughuli. Nikaleta soko la majini. Nikaleta harusi ya viboko. Nikaleta mamba, huyo aliyemkimbiza Chausiku. Tulikaa kwenye kile kisiwa mpaka Zaidi akasema, mama, hata maharage yangekuwa yameiva.

Nilikuwa namwona Mdoe mjini. Akiniona kwa mbali anainama kufunga viatu, hata akiwa na ndala. Siku moja niliingia dukani kwake kutoa kopi ya kitambulisho nisiyoihitaji. Akanisalimu shikamoo akiwa anaitazama mashine. Nikamwambia, Mdoe mwanangu, nimekuja kukupa taarifa, Meneja anaumwa. Amekaa kisiwani muda mrefu, amekula mchanga, tumbo limejaa, na wenzako wanasema achinjwe. Mashine ikatoa karatasi, hakuichukua. Akauliza nani anasema achinjwe. Nikamwambia Zaidi. Akasema Zaidi aliyeshindwa kutunza punda ndiye leo anamhukumu mbuzi wa watu. Nikatoka.

Jumapili alikuja.

Hapa ndipo nataka usome polepole, dada, kwa sababu jambo hili sijamwambia mtu mwingine zaidi yao.

Tulianza vizuri. Mdoe alimkagua mbuzi wake, akamtukana Zaidi, wakapanda mtumbwini, Mzee Kasanda akashika kasia. Mimi sikuwa nimewahi kumsemea Kasanda kwa sauti yake. Kila mara nilisema tu Kasanda amekubali, Kasanda amekataa. Siku ile nilijaribu. Nikakohoa kile kikohozi, nikasema neno moja kwa kukoroma, na wote wakainua macho. Ilitoka vizuri kupita nilivyotaka. Nikaona uso wa Mdoe ukifunguka kama mtoto, nami mwenyewe moyo ukaruka. Kwa muda mfupi Godi alikuwemo chumbani.

Kisha wimbi likaja, nikatikisa kopo nijue nani amelishinda. Wengine walipita. Za Kasanda zilianguka vibaya, moja na moja, mezani mbele ya kila mtu. Sikuweza kuzificha. Kasanda akaenda na maji.

Zaidi alinyoosha mkono kama anayetaka kuzigeuza zile dadu, akaurudisha. Halafu Angel akasema taratibu kwamba Kasanda ni Mnyamwezi, na Mzigua yumo mtumbwini.

Wote tukamtazama Mdoe. Nikaona lile tukio la kaburini linarudi, mdomo wazi, neno hakuna. Nikataka kusema basi mwanangu, iache. Lakini akasimama. Akaweka mikono kiunoni, akaangalia chini sakafuni kana kwamba maji yako pale. Akasema, tazameni Mnyamwezi huyu. Babu zake walikuja kubeba mizigo ya babu zetu mpaka pwani, wakalipwa chumvi, wakashukuru. Huyu kaja kutubebesha sisi. Akasema, umekula maandazi ya mama yako peke yako tangu darasa la kwanza, hukutugawia hata la kuungua, kumbe ulikuwa unanenepea siku ya kubebwa. Bega langu hili mpaka leo haliko mahali pake. Na Zaidi alikuwa nyuma anasingizia kubeba, kumbe ananing'inia. Ulitaka gari, ukatupandia sisi, umelala chali ndani ya suti ambayo hukuivaa hata kwenye mahafali, unasikia raha, sisi tunapanda kilima na matope. Mpagazi gani wewe, unakufa ukiwa abiria?

Dada, Angel alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Zaidi alicheka huku machozi yanamtoka, akisema kweli nilining'inia, kweli. Ndivyo walivyocheka watu wa kambini. Ndicho kicheko tulichokikosa makaburini. Kisha wakageuka kunitazama mimi, kwa sababu kanuni inasema wote.

Na mimi nilikibana.

Kicheko kilikuwa hapa kooni, nakuambia, mabega yalitikisika. Nikauma mdomo wa chini mpaka nikasikia chumvi. Kwa sababu katika muda ule mfupi niliona kitu. Nikicheka, Kasanda anainuka. Akiinuka, mimi nitakuwa namkohoa kila Jumapili, nitakuwa naisubiri Jumapili ili nimkohoe, na baadaye hata Jumatatu nikiwa peke yangu na sufuria. Ningekuwa yule mwanamke unayemwogopa, dada. Ningeweza kabisa. Nilikuwa naitaka sauti ile kuliko chakula.

Nikasema, hajainuka. Zaidi akalalamika kwamba mabega aliyaona. Nikasema kanuni haisemi mabega.

Angel alinielewa, nilimwona akifuta macho na kunitikisia kichwa. Lakini Mdoe hakuelewa. Alichukua kofia yake, akasema asante kwa chai mama, akatoka. Nilimkuta kwenye bomba, amelifungua na hana cha kukinga. Nikasimama karibu yake, na kile kicheko nilichokibana kikanitoka chote. Nilicheka nikajishika kwenye bomba, nikacheka kuhusu lile andazi la kuungua, na suti, na Zaidi kuning'inia, mpaka majirani wakachungulia, nikaishia kulia, na hata kulia kwenyewe kulikuwa na kicheko ndani. Yeye amesimama ananitazama tu. Nikamwambia, umenichekesha tangu neno la kwanza. Niliyekataa ni mimi. Ile sauti si yangu, Mdoe, nimeiazima mara moja, nimeirudisha.

Ndipo akaniambia kilichomweka mbali miezi yote. Akasema siku ya mazishi alipokuwa pale kwenye ua wa mkonge, alimsikia mama mkubwa wa Godi akisema mtoto wetu amezikwa kimya kama mgeni, huyu ni mtani bubu. Sikuandikii hili kukulaumu, dada. Ulisema ukiwa na uchungu, nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo, ni vile tu mimi sina sauti ya kusikika mbali. Nilimwambia kwamba kuanzia leo Godi si mgeni tena. Akafunga bomba. Akauliza, sasa na Meneja? Nikamwambia Meneja amevuka, amesimama ng'ambo anawasubiri kwa dharau.

Jumatatu asubuhi nilikwenda nyuma ya nyumba nichukue jembe, niandae kale kashamba ka maharage. Halipo. Nilitafuta bafuni, nikatafuta kwa jirani, nikamshuku hadi mtoto wa watu. Kisha nikakaa chini kwenye kizingiti, nikaelewa, nikacheka tena peke yangu. Nikavaa kanga nikaenda dukani kwa Mdoe. Alinitazama usoni safari hii. Akaniuliza jembe gani, na tangu lini Wanyamwezi wakalima. Akasema amesikia kuna jembe la kaburi limefichwa Sindeni kwa bibi yake, lakini mfiwa hawezi kulikomboa mwenyewe, utaratibu haujawahi kuwa hivyo. Atalitoa siku atakapokuja yule mama wa Mazingara, mwenyewe, na jogoo mkononi, tena siyo kuku mgonjwa.

Kwa hiyo dada, mwisho wa mwezi njoo, lakini usije na gari la kunibeba. Njoo na basi kama siku zote, ushuke Segera upumzishe goti, umpitie Chausiku umwambie mamba amekufa. Njoo Jumamosi ili Jumapili ukae nasi mezani. Si lazima ucheze, utachambua mchele, na mimi nitakuwa nasimulia. Sasa wanaanza kupanda mlima, kumtafuta yule mzee aliyesahau alikoficha mvua. Kusema kweli sijui bado alikoificha. Nitajua wakifika.

Ila usichelewe. Wingu la vuli limeanza kukaa upande wa Usambara kila alasiri, watu wote wameshatifua, na mimi mdogo wako sina jembe.

Msalimie sana shemeji, umwambie pole kwa kukosa safari ya gari. Wasalimie watoto wote na wajukuu, na mama yake Maryamu hapo jirani. Zaidi na Angel wanakuamkia. Mdoe anasema hakuamkii mpaka amwone jogoo kwanza.

Nabaki hapa hapa nyumbani kwangu,

mdogo wako,
Efrazia, Mama Godlisten